Uliza Safari: Kutoka Mwaloni kwenda mji wa mialoni

Safari hii barua ni tatu na zote zinaongelea waini, sijui mmeambiana. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana ndo swali ninalokutana nalo sana siku hizi, tangu watu wa huku Ziwa waanze kwenda Sauzi kutembea na sio kufuata mzigo tu.

*Mwangaluka dada. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mwakani mwezi wa pili natimiza miaka 20 ya ndoa na nilimuahidi mama watoto kwamba safari hii sio kisiwani Saa Nane wala Dar, tunapanda ndege tunatoka nje ya nchi. Mimi waini naipenda, nilianza kuionja kwenye harusi za watu nikaona mbona imetulia kuliko bia. Mke wangu ni Msabato, kilevi hagusi cha aina yoyote, ila kasema twende tu yeye ataangalia milima. Sasa kuna jamaa yangu alisoma Sauzi anasema niende Stellenbosch ndo baba lao, na binti yangu kaniletea video za Franschhoek kuna treni inazungusha watu mashambani, anasema huko ndo kwenyewe. Tuna siku nane tu kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku wa giza, naondoka mbalamwezi ikiwaka, giza likirudi lazima niwe kazini. Kuendesha gari ugenini siwezi. Tulale wapi? Na je nikisogeza hadi mwezi wa sita watoto wakiwa likizo kuna shida? Halafu hiyo kuonja kwenyewe inakuwaje, nisije nikaaibika mbele ya mama.*
*Baba Wawili, Kirumba*

Kaka, mwangaluka na wewe. Laleni Franschhoek, Stellenbosch muende siku moja mrudi. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua watu wa Mwaloni hamna muda, ila kama umekaa endelea kusoma.

Kwanza hizo sehemu mbili sio mbalimbali kama unavyodhani. Zote ziko upande wa Cape Town, na kutoka moja hadi nyingine ni kama kilomita 30 hivi, chukulia umetoka mjini umefika Usagara ukaongeza kidogo. Katikati kuna mlima mnaupanda kwa lami nzuri tu unaitwa Helshoogte, mkishuka upande wa pili mnapita kijiji cha Pniel halafu mashamba ya Boschendal halafu mmefika. Kwa hiyo hapa huchagui kati ya Mwanza na Mbeya, unachagua mto wa kulalia tu. Wengi wanakosea hapo, wanalipa hoteli siku tatu huku siku tatu kule, nusu ya likizo inaishia kufunga na kufungua mabegi.

Kwa upande wa waini yenyewe sitaki nikudanganye kwamba kuna pa kushindwa. Stellenbosch wanasifika kwa nyekundu nzito, hasa Cabernet Sauvignon, na ndo nyumbani kwa Pinotage, zabibu ambayo profesa wao mmoja anaitwa Abraham Perold aliichanganya mwaka 1925 kutoka zabibu mbili za Ufaransa, Pinot Noir na Cinsaut. Ukiionja utasikia kama moshi kwa mbali, wewe mtu wa dagaa wa kukaanga utaielewa haraka. Franschhoek wao wanajivunia sana ile ya mapovu, Cap Classique, inatengenezwa vilevile kama shampeni, yaani inachachuka mara ya pili humohumo kwenye chupa, ila jina la shampeni hawaruhusiwi kulitumia maana ni la mkoa wa Champagne kule Ufaransa. Basi. Ukiniuliza ipi tamu zaidi nitakuambia ni ile utakayokuwa unakunywa huku unaangalia mlima.

Kinachoamua hapa ni vitu viwili ulivyovitaja mwenyewe bila kuvipa uzito: wewe huendeshi na wifi hanywi.

Watu wana tabia moja mbaya sana, asiyekunywa wanamfanya dereva. Hivi kweli mama wa watu amekuvumilia miaka 20 ya harufu ya dagaa halafu siku ya sherehe yake akushikie usukani wewe unaonja? Hapana kaka. Sasa Stellenbosch mashamba ni mengi mno, zaidi ya 150, na yametawanyika, hili liko huku lile liko nyuma ya kilima, bila gari hutoki. Utapata madereva wa kukodi kwa siku na teksi za kuita kwa simu zipo, inawezekana kabisa, ila unakuwa mtumwa wa dereva. Mara yangu ya kwanza mimi tulikodi mtu, akatushusha shamba la kwanza saa nne asubuhi akasema narudi baada ya saa moja, akarudi saa nane kasoro. Tulishaonja kila kilichokuwepo kwenye karatasi, tumenunua chupa ambazo hatukuzipanga, na rafiki yangu niliyekuwa naye ambaye ni Muislamu hanywi alishahesabu mapipa yote ya pale ndani, alikuwa anajua yako mangapi na yapi yamepasuka. Hakunisemesha hadi jioni, na alikuwa na haki.

Franschhoek sasa, binti yako hajakosea. Kuna reli ya zamani ilikuwa imelala pale bondeni, tangu 2012 wakaanza kupitisha tramu ya kitalii, inasaidiana na mabasi, na njia zimegawanywa kwa rangi. Unanunua tiketi ya siku, unachagua rangi, kila rangi ina mashamba yake. Unashuka shamba unalotaka, unakaa kama saa moja, inayofuata ikija unapanda unaendelea. Hakuna dereva wa kumsubiri wala wa kumuonea huruma. Mwezi wa pili watu ni wengi kwa hiyo tiketi kata kabla hujatoka Mwanza, usiende kukata mlangoni. Na usitamani mashamba sita, shuka manne, na moja kati ya hayo liwe la chakula cha mchana mkae mtulie, maana Franschhoek kwa chakula ndo wenyewe, kuna migahawa watu wanapanda ndege kuifuata. Ila bei zake nazo zina heshima zake, angalia menyu kwenye simu kabla hujavuta kiti.

Na wifi hatakuwa mtu wa kusubiri. Mwezi wa pili ni mavuno, zabibu ziko juu ya mti, matrekta yanapita yamejaa, harufu ya juisi inayochachuka imetanda hadi barabarani. Kuna mashamba yanatoa juisi ya zabibu ya kuonja kwa wasiokunywa, ulizia wakati wa kubuku. Kuna makumbusho ya magari ya zamani upande wa shamba la L'Ormarins, hiyo najua na wewe itakuchelewesha. Na siku moja mkipata usafiri nendeni Babylonstoren, ile bustani yake ya mboga na matunda mama yeyote anayelima mchicha nyuma ya nyumba ataomba mbegu. Kitu kimoja tu, siku ya tramu isiangukie Jumamosi, najua hutaki kesi. Na Jumamosi ndo siku ya soko la pale kijijini pembeni ya kanisa, kwa hiyo hilo nalo atawaachia wengine.

Stellenbosch mtaenda siku moja kwa sababu ni dhambi kufika karibu hivyo usiuone. Ni mji wa zamani, ulianzishwa 1679 na gavana Simon van der Stel, ndo maana ukabeba jina lake, na mitaa yake imejaa miti mikubwa ya mialoni hadi wenyewe wanauita mji wa mialoni. Sasa mwambie wifi kwamba ametoka Mwaloni akafika kwenye mialoni, ile ya Ibrahimu kule Mamre, atacheka. Tembeeni kwa miguu mtaa wa Dorp, nyumba nyeupe za Kiholanzi zimepangana, kunyweni kahawa, halafu dereva awapeleke mashamba mawili tu. Moja liwe Waterford, pale wanakuonjesha waini kwa chokoleti, kwa hiyo chokoleti za watu wawili zinamhusu mtu mmoja na glasi za watu wawili zinamhusu mwingine, ndoa inaendelea.

Mkipita Pniel simameni hata dakika kumi. Kile kijiji kilianza 1843 kama misheni ya watumwa walioachiwa huru, maana zile nyumba nyeupe nzuri na yale mashamba hayakujengwa na Waholanzi na Wafaransa peke yao. Wafaransa walifika bondeni 1688, Waprotestanti waliokuwa wanakimbia kuteswa kwao kwa ajili ya imani, ndo jina Franschhoek linamaanisha kona ya Wafaransa, na wana mnara wao mkubwa pale mwisho wa barabara. Ila walioshika majembe wengi walikuwa watumwa, wametolewa Asia, Madagaska, na pwani yetu hii ya mashariki upande wa Msumbiji. Hata baada ya utumwa kulikuwa na mtindo wafanyakazi wanalipwa sehemu ya ujira kwa waini, wanauita dop, uliharibu familia nyingi sana hadi ukapigwa marufuku. Wifi hilo ataliongelea njia nzima, muache aongee.

Halafu kuna gereza. Ukitoka Franschhoek kuelekea Paarl, pembeni ya barabara kuna gereza zamani likiitwa Victor Verster, siku hizi Drakenstein, ndo lile Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990 akiwa kashikana mkono na Winnie. Nje kuna sanamu yake kanyoosha ngumi. Tena kama mtakuwa huko mwezi wa pili mnaweza kuangukia karibu kabisa na tarehe yenyewe.

Sasa kuonja, maana umesema hutaki kuaibika. Mnakaa mezani, mara nyingi nje chini ya mti. Anakuja kijana na karatasi yenye majina matano au sita, anaanza na nyeupe anamalizia na nyekundu nzito, kila moja anamimina kidogo sana, vidole viwili hivi chini ya glasi. Usimwambie ongeza, wote wanaopunjwa wanapunjwa sawa. Shika glasi kwenye mguu wake, sio kwenye tumbo, mkono unaipasha moto. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe uone rangi, izungushe taratibu juu ya meza, ingiza pua kabisa usione haya, halafu chukua funda izungushe mdomoni kama unavyosukutua asubuhi ila bila kelele. Ukitaka meza. Usipotaka pale mezani kuna ndoo au kikombe kirefu, tema. Kutema sio dharau, wanaotema ndo wanaoonekana wanajua. Mimi shamba la kwanza nilitema nikajipaka kidevu chote na blauzi nyeupe, la pili nikajua unainama karibu na unatema kwa nguvu kama mtu anayetema mfupa wa sato. Zilizobaki kwenye glasi unamwaga humohumo. Kijana akikuuliza unasikia nini mwambie kweli, ukisikia embe sema embe, ukisikia dagaa nyamaza. Na hulazimiki kununua, ingawa mashamba mengine ukinunua chupa hela ya kuonja wanakusamehe.

Mwezi wa sita usiende. Kule hali ya hewa ni kinyume na kwetu, mvua zao zinanyesha kwenye baridi, mwezi wa sita hadi wa nane, upepo, mawingu yamelalia mlima, mizabibu imekatwa imebaki vijiti vitupu kama shamba la pamba lililong'olewa. Kuna wanaoipenda, bei zinashuka na migahawa inawasha moto wa kuni, lakini wewe umeahidi milima na milima yenyewe utakuwa huioni. Mwezi wa pili jua kali, kavu, jioni ndefu, bebeni kofia.

Njia ni Mwanza Dar, Dar Johannesburg kama saa tatu na nusu, Johannesburg Cape Town saa mbili. Viza kwa Mtanzania huhitaji ukienda kutembea, unapewa hadi siku 90 kwa mwaka, pasipoti tu iwe na muda na kurasa, na ile kadi ya njano ya chanjo bebeni, haina uzito. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoa siku mbili za njiani unabaki na sita: moja Cape Town kupanda Table Mountain kwa kebo, tano huko mashambani. Na pangia mwezi usije ukakosea, angalia kalenda ujue mbalamwezi ya mwezi wa pili inaangukia wapi kabla hujalipa tiketi, maana ukirudi umekuta wenzako wameshaingia giza siku tatu utanilaumu mimi.

*Dada habari. Sisi ni washikaji watano wa Bukoba, hatuna wake hatuna presha, tunataka sehemu hizohizo za waini Cape Town ila penye watu na kelele. Hao wenye tramu tumeona kwenye video ni wazee tupu. Twende wapi?*
*Watano, Bukoba*

Nyie Stellenbosch, wala msiulize mara mbili. Ni mji wa chuo kikuu, jioni mitaa imejaa vijana, baa ziko mlango kwa mlango mnatembea kwa miguu. Franschhoek saa tatu usiku mtasikia vyura. Ila msiende Desemba wanafunzi wakiwa wamefunga, mji unabaki na watalii. Mchana kodini gari kubwa lenye dereva, watano mkigawana haiumi. Najua katika watano hakosi mmoja wa kusema mimi nikinywa naendesha vizuri zaidi, huyo mnyang'anyeni funguo mapema, kipimo chao cha mwisho cha kilevi kwa dereva ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, glasi mbili tu unaweza ukalala ndani. Kuendesha kwenyewe ni kushoto kama kwetu kwa hiyo hapo hamna ugeni.

Halafu nyie Wahaya mna kitu wenzenu hawana. Wakati wa mavuno kuna mashamba yanaweka siku ya wageni kukanyaga zabibu kwa miguu, unapandisha suruali unaingia kwenye beseni. Wazungu wanateleza wanapiga kelele. Sasa mtu aliyekua anaona wazee wake wanakanyaga ndizi na majani kwenye mtumbwi wa rubisi, ile pombe ya ndizi, atawafundisha kazi pale, mnipigie picha.

*Hivi dada mnawatuma watu Sauzi wakanywe waini wakati Dodoma ipo? Uzalendo uko wapi?*
*Msomaji, Sengerema*

Swali zuri na umenipata, kwa sababu hata mimi Dodoma nilienda baada ya kuwa nimeshaenda Cape mara mbili. Zabibu pale zilianza na wamisionari wa Kitaliano, na kuna kitu Stellenbosch hawana: wao wanavuna mara moja kwa mwaka, Dodoma mizabibu inavunwa mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena kuanzia mwezi wa nane hivi, maana hakuna baridi ya kuulaza mti. Mkulima anaukata, anaumwagilia, unaanza upya. Kuna kituo cha utafiti Makutupora, na zabibu yao nyekundu inabeba jina hilohilo, na waini yake ina ukali fulani hivi wa ulimi ambao mimi na nyama choma ya mbuzi nauelewa kuliko Cabernet ya mtu.

Lakini likizo ni kitu kingine. Dodoma hakuna tramu, hakuna kijana wa kukuletea karatasi ya majina sita chini ya mti. Mashamba yapo, viwanda vipo, ila ukitokea tu getini mlinzi atakuuliza una miadi na nani. Piga simu wiki moja kabla, sema mko wangapi, sema mnataka kuona shamba na sio ofisi. Kutoka Sengerema siku hizi daraja la Kigongo Busisi limewapunguzia kusubiri kivuko, mnakamata basi asubuhi mnapita Shinyanga na Singida, jioni mko Dodoma. Watokao Dar wana treni ya umeme tangu 2024. Nendeni wikendi moja, laleni siku mbili, rudini na chupa. Na mkirudi niandikieni mlipokelewaje na ni shamba lipi, maana nikipata hata matatu yanayopokea wageni bila kuvizia getini nitayaandika hapahapa.

Chupa zenyewe, na hili Baba Wawili nalo linakuhusu: kwenye begi la mkononi haziingii, weka kwenye begi kubwa. Soksi mbili kila chupa, katikati ya nguo, isigusane na mwenzake. Ukitoka nje ya nchi unaruhusiwa kuingia na waini lita 2 kila mtu mzima bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida na chenji. Wifi hanywi ila lita zake mbili anazo, muombe vizuri.